Benchi langu la kwanza lilikataa kutoka mlangoni

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, naomba vipimo vya lile benchi lako la useremala, nataka nianze Jumamosi." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Miaka saba iliyopita na mimi nilianza hivyohivyo, kwa vipimo vya mtu nisiyemjua, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Benchi lilikuwa na urefu wa sentimita 240, upana 90, kimo 95. Niliona picha ya jamaa kasimama kwenye benchi kubwa kama jahazi, nikajiambia fundi ni yule. Mlango wa chumba nilichofanyia kazi ulikuwa na upana wa sentimita 78. Sikuupima. Nilikata, nikatia gundi, nikakaza skrubu kila palipokubali skrubu.

Siku ya kuhama tulililaza ubavu, tukatanguliza miguu, tukalisimamisha wima, wapi! Jamaa wawili waliokuja kunisaidia walikaa chini wakacheka mpaka machozi. Mmoja wao hadi leo akinipigia simu huanza na "vipi, mlango umeshapanuka?" Mwisho nilichukua msumeno nikakata miguu yote minne. Wao walishika kichwa cha benchi, mimi nilikata bila kusema neno.

Lakini mlango haukuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa kimo. Mimi nina sentimita 170. Kimo cha 95 kinanifaa ninapochora mistari au kukata maungio madogo, maana kazi inasogea karibu na macho. Ukishika randa, kile kifaa cha kulainisha ubao, ni habari nyingine. Viwiko vinapanda, uzito wa mwili haufiki kwenye randa, unabaki kusukuma kwa mabega matupu. Randa inadundadunda, ubao unatoka na mawimbi. Nikalaumu ubao. Nikalaumu randa, nikainoa upya. Nikanunua nyingine (ndiyo, nilinunua). Mwaka mzima mabega yananiuma na mimi nadhani ndio ufundi unavyoingia mwilini. Siku moja fundi mmoja mzee alipita, akaweka kiganja juu ya benchi, akasema, "Hii kaunta." Akaenda zake. Iliniuma. Bado inaniuma, kwa kuwa alisema kweli.

Basi pima hivi. Vaa viatu unavyofanyia kazi, simama wima, acha mikono ining'inie, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Kwangu ni 83, na benchi la sasa lina 83. Kama kazi yako kubwa ni kupiga randa, shuka kidogo. Kama ni maungio madogo, panda. Kisha usiniamini mimi wala futi. Panga mbao juu ya meza imara mpaka ufikie kimo hicho, funga ubao kwa klampu, piga randa robo saa. Benchi likiwa chini mno mgongo utakwambia, likiwa juu mno mabega yatakwambia.

Upana nilishusha kutoka 90 hadi 60. Lile la kwanza nililiegemeza ukutani, na nusu yake ya nyuma mkono haukuifikia vizuri; ikageuka stoo ya patasi butu, penseli na vumbi. Urefu ni 180, kwa sababu ndio ukuta nilio nao. Watu wanauliza benchi liwe refu kiasi gani kabla hawajajiuliza wanataka kutengeneza nini. Unatengeneza viti? Milango? Jibu hilo kwanza, ndugu yangu, tuache kunakili picha.

Unene: la kwanza lilikuwa la mbao za sentimita 3, ukigonga patasi kila kilicho juu kinaruka. Sasa ni 8, mbao zimesimamishwa ubavu na kugundishwa pamoja. Huko kugundisha sikusimulii, kulikula wikendi tatu na hakuna utamu wowote. Miguu ni 9 kwa 9, na uso wake wa mbele uko sawasawa na ukingo wa benchi. Hili watu hulidharau. Siku utakayotaka kupiga randa ukingo wa ubao mrefu, utaufunga kwenye jiriwa (kile kibano kinachofungwa kwenye benchi) upande mmoja na kwenye mguu kwa klampu upande wa pili. Benchi likitokeza sentimita 10 mbele ya miguu, ubao huo unaning'inia hewani. Jiriwa liweke mbele, upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, karibu kabisa na mguu.

Kwa hiyo uliyeniandikia, namba zangu ndizo hizo: 180, 60, 83. Ila mlango wako ni upana gani? Na mkono wako unaishia wapi? Miguu ikate na sentimita 2 za ziada, ifanyie kazi wiki nzima, ndipo uipunguze ukitaka. Mimi nilizitoa zote mbili, na vile vipande vinne ninavyo mpaka leo: naviweka chini ya klampu zisiache alama kwenye kazi.