Maswali ya wasomaji: Chama kingine cha nini?

Shikamoo mzee. Hapa Mwika tuna chama cha wauza ndizi, cha mama lishe na cha wenye maduka. Tuunde shirikisho?

Marahaba. Mnataka muhuri mwingine? Shirikisho lisilo na kazi ni posho za vikao tu. Anzeni na Fuso. Wauza ndizi wanakodi gari la kwenda Dar, likishusha linarudi tupu. Mwenye duka naye analipia gari jingine limletee sabuni na sukari. Kodini moja, liende na mikungu, lirudi na katoni. Kabla halijawashwa, andikeni nani analipa mafuta na nani anabeba hasara ndizi zikiivia njiani. Mama lishe msiwalazimishe, gari haliwahusu. Wataingia siku ya kununua mchele kwa pamoja. KNCU, ule muungano wa ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilipoanzishwa 1933, vyama vya msingi vilipokea kahawa kwa wanachama wao, muungano ukahangaika na soko. Watu wanajua jengo lake pale Moshi mjini, mgawanyo wa kazi hawaujui.

Mwenyekiti wa chama jirani hapa Ngaramtoni anakwepa kukutana nasi. Tufanyeje?

Anaogopa kuulizwa hesabu. Ongeeni na wanachama wake.

Vyama vyetu vikiungana, tutapata mkopo wa halmashauri?

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Jumuiya ya wazee wenye maduka ya jumla haimo. Masharti mtayapata kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, si kwa kijana wa kijiweni anayewauzia fomu. Na kina mama, msikubali kuazimwa majina. Mkopo ukikwama mtafuatwa ninyi, aliyekula hela atakuwa Holili anavuka mpaka.

TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, ina faida gani kwa mtu wa genge?

Ukienda peke yako, kidogo. Nendeni vyama vitatu na dai moja la ushuru wa soko, mkiwa na risiti mkononi.

Michango ya pamoja aiweke nani?

Asiiweke mtu. Naona katibu wenu ameshajitolea laini yake ya simu, mshukuruni, mkatae. Fungueni akaunti ya benki, watia saini watatu, kila chama mmoja, na taarifa ya kila mwezi ibandikwe sokoni. Atakayesema kubandika kunaita wezi, mwulizeni salio hapo hapo.