Si Kila Mlango Uliofunguka Umefunguliwa na Mungu

Kipindi chote nilichokaa bila kazi sikuwahi kufika mahali pa kusema Mungu hayupo. Imani yangu ilijaribiwa kwingine. Jamaa mmoja aliyenitakia heri kabisa aliniambia kuna nafasi, ila barua ya uzoefu ionyeshe miaka ambayo mimi sikuifanya kazi hiyo, na barua yenyewe angeitafuta yeye. Akamalizia: "Umeomba muda mrefu. Mungu kakujibu, unataka nini tena?"

Nilikataa, lakini si kwa ushujaa. Nilikuwa na hasira, na kwa muda nilijiuliza kama huo ni uadilifu au ni ujinga tu. Kazi niliyoipata baadaye ilikuwa na mshahara mdogo kuliko ile, kwa hiyo sina ushuhuda mtamu wa kukupa hapo.

Ila tangu siku hiyo nasoma habari za Daudi kwa jicho jingine. Nabii Samweli alikwisha kumpaka mafuta awe mfalme, na bado Sauli yuko kwenye kiti cha ufalme, tena anamwinda. Katika pango la En-gedi (1 Samweli 24) Sauli anaingia bila kujua kwamba Daudi na watu wake wamejificha mle ndani. Watu wake wakamwambia Daudi, hii ndiyo siku aliyokuahidi Bwana, adui yako yuko mkononi mwako. Jaribu lilikuja na ahadi ya Mungu mdomoni. Daudi alikata upindo wa vazi tu, na hata huo ukamchoma moyo.

Sauli mwenyewe ananitisha zaidi. Kule Gilgali (1 Samweli 13) alingoja siku 7 kama alivyoagizwa, jeshi likaanza kutawanyika, Samweli haonekani. Akaitoa mwenyewe sadaka iliyopaswa kutolewa na Samweli. Alipomaliza tu, Samweli huyo akafika! Mtu anaweza kungoja vizuri muda mrefu, kisha akaharibu mwishoni kwa hofu ya kuachwa na watu.

Kwa hiyo amua mapema yale ambayo hutayafanya, ukiwa umeshiba na akili imetulia, na uyaandike. Mweleze mtu mmoja asiyekuonea aibu. Usingoje ofa ije ndipo uanze kutafakari, maana njaa hodari wa kutafsiri Maandiko.

Kungoja si kukaa tu, lakini. Wapo wanaosema ukiomba watu msaada huna imani. Hao wasome Mwanzo 40. Yusufu, aliyeuzwa akiwa kijana wa miaka 17, alimwomba mfungwa mwenzake, mkuu wa wanyweshaji, amtaje kwa Farao. Akasahauliwa, miaka 2 mizima ikapita, na aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Kuomba hakukuwa kosa. Na tazama alivyomjibu mkuu wa waokaji: alimwambia wazi kwamba ndoto yake ni kifo, baada ya siku 3. Mfungwa anayehitaji kupendwa na kila mtu angeweza kulainisha maneno.

Madeni nayo. Hapa ndipo jina la mtu anayengoja huharibika, kuliko kwenye mambo makubwa. Ukiona hutaweza kulipa, mpigie anayekudai kabla ya tarehe. Usizime simu. Lipa hata kidogo, na usiseme "wiki ijayo" kama hujui wiki ijayo italeta nini. Ni heri uonekane huna kuliko uonekane mwongo.

Ukiomba, usijipambe mbele za Mungu. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara 4 katika aya 2 za kwanza, na hakuna anayemkemea mwombaji. Mimi kuna siku sala yangu yote ilikuwa swali hilo, kisha nikaondoka kwenda kupeleka maombi mengine ya kazi, barua ikiwa na miaka ile ile michache niliyoifanyia kazi kweli.