Usiandike Daraja Kabla Kidonda Hakijasafishwa

Juzi dada mmoja aliye kwenye mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo aliniandikia: "Daktari, nipe njia rahisi ya kukariri madaraja ya mivunjiko wazi ya mguu, kesho tuna raundi." Nikamjibu kwa kifupi, kisha usingizi ukanipaa. Swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe, nikakariri vizuri sana, na kukariri huko ndiko kulikoniponza.

Mvunjiko wazi ni mfupa uliovunjika pamoja na kidonda kinachoufikia, na madaraja yake si magumu. Wapasuaji wa mifupa Gustilo na Anderson waliyatoa mwaka 1976, na mwaka 1984 daraja la tatu likagawanywa. La kwanza ni kidonda kisafi kisichofika sentimita 1. La pili kimezidi hapo, lakini nyama haijaharibika sana. La tatu mguu umepigwa kwa nguvu kubwa, nyama imepondeka, na mara nyingi kidonda kinapita sentimita 10. Ndani yake, IIIA nyama iliyobaki inatosha kuufunika mfupa. IIIB mfupa umevuliwa utando wake na itabidi nyama ihamishwe kutoka kwingine. IIIC ateri imeumia na isiporekebishwa mguu unapotea.

Usiku mmoja wa enzi zangu hizo za kukariri, aliletwa kijana aliyegongwa na gari. Kwenye ugoko alikuwa na tundu dogo, halifiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikachukua rula, nikapima, nikaandika "daraja I" kwa kujiamini kabisa. Nikampa antibayotiki ya daraja hilo na kumweka mwisho wa orodha ya upasuaji. Eksirei ilikuwa mbele yangu: mfupa umesagika vipande vipande. Niliiona, nikaipita.

Kesho yake bingwa alipolipanua lile tundu, chini yake palikuwa na mfuko mzima wa uharibifu. Msuli umekuwa wa zambarau, ukibanwa kwa koleo haushtuki, ukikatwa hautoi damu. Mfupa mweupe, mtupu, umechanganyika na mchanga. IIIB. Akalisoma faili kwa sauti mbele ya wauguzi na wanafunzi: "Nani kaandika daraja la kwanza?" Mpaka leo naamini angeweza kuniita pembeni. Lakini kilichoniuma zaidi ni usaha ulioanza baada ya siku chache, na miezi ambayo yule kijana alikaa kitandani.

Ndugu zangu, tuache kuisujudia rula. Ngozi inadanganya. Angalia nguvu iliyomvunja, angalia eksirei, angalia uchafu. Mfupa uliosagika hauwi daraja la kwanza hata tundu likiwa dogo kama punje ya mtama. Daraja la kweli linajulikana kwenye chumba cha upasuaji, baada ya kusafisha na kuondoa nyama iliyokufa. Kabla ya hapo andika "makadirio", basi. Hata wakubwa hupishana: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wapasuaji 245 walioneshwa video za vidonda vilevile, na wastani wa kukubaliana kwao ulikuwa asilimia 60 tu. Sasa wewe wa mwaka wa kwanza haraka ya nini?

Matibabu, hata hivyo, hayasubiri daraja. Antibayotiki iingie ndani ya saa 1, na ukiwa na shaka tibu kana kwamba ni daraja la juu. Kinga ya pepopunda. Piga picha moja, funika kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, na usiruhusu kila anayepita afunue achungulie. Nyoosha mguu, weka gango.

Na gusa mapigo ya mguuni, kabla ya kunyoosha na baada ya kunyoosha, kisha andika saa uliyoyagusa. Ateri ikiwa imekatika, misuli ina muda wa takriban saa 6 tangu ajali ilipotokea kabla haijafa, na hizo zinahesabiwa hata wakati mgonjwa yuko njiani kuja kwako.