Pampu ya majitaka inaungua kila masika: pima shimo kwanza kabla hujanunua nyingine

Mleta mada, umesema uko Kigamboni, kama mita 150 kutoka ufukweni. Bafu na jiko la chini viko chini kuliko karo (tangi la majitaka), kwa hiyo majitaka yanakusanyika kwenye shimo dogo nje ya jiko, halafu pampu inayapandisha hadi karoni. Pampu ya kwanza ilidumu miezi 14, ya pili miezi 7, zote zimekufa masika. Fundi anasema umeme ndio unaoziua, na wewe unauliza sasa ununue ya aina gani. Mkuu, nakuomba usinunue bado.

Mimi niko Kunduchi, mwaka wa 11 huu, kwenye nyumba ya namna hiyohiyo. Miaka mitano ya mwanzo niliunguza pampu tatu. Kila ikifa nilinunua yenye nguvu zaidi, na kila niliyoinunua ilikufa mapema kuliko iliyotangulia. Aliyenifumbua macho si fundi. Ni mzee mmoja jirani, mvuvi wa siku nyingi, ambaye chumba chake kinapakana na ukuta wangu. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, hiyo mashine yako siku za bamvua hainiachi nikalala. Maji mafu yakiingia inanyamaza." Bamvua ni siku bahari inapojaa na kupwa sana, maji mafu ni siku inapojaa kidogo. Mimi nilikuwa nimelala upande wa pili wa nyumba, sikuwahi kusikia chochote.

Nikatundika daftari karibu na breka. Kila pampu ilipowaka, aliyekuwepo nyumbani alichora mstari mmoja na kuandika saa. Wiki ya maji mafu tulipata mistari miwili au mitatu kwa siku. Wiki ya mwezi mpevu, mvua zikiwa zimeanza, tulipata mistari 22 kwa siku moja, mingi ikiwa kati ya alfajiri na saa tatu asubuhi, kisha tena jioni kuelekea usiku. Mnajua pwani yetu bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Maji ya ardhini hufuata nyuma kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu yanapita kwenye mchanga na matumbawe.

Sasa fanya hesabu, si ngumu. Shimo langu lina upana wa mita 1 kwa mita 1, kwa hiyo kila sentimita 10 za kina ni lita 100. Boya linawasha pampu maji yakipanda na kuizima yakishuka sentimita 40, maana yake kila inapowaka inatoa kama lita 400. Sisi ni watu sita, na mita ya maji inaonyesha tunatumia uniti moja, yaani lita 1,000, kwa karibu siku mbili. Hapo pampu inatakiwa kuwaka mara moja au mbili kwa siku. Kuwaka mara 22 ni lita 8,800. Lita 8,000 za ziada hazikutoka bafuni kwangu. Nilikuwa nanyonya ardhi ya Kunduchi na bahari iliyo nyuma yake, kwa umeme wa kununua.

Hapo ndipo pampu inapokufa, na inakufa kwa njia mbili. Kwanza, kila mota inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaovuta ikiwa imeshachanganya. Joto lake linaila kapasita na waya za mota, na kadiri inavyowaka mara nyingi ndivyo inavyochakaa upesi. Pili, ni chumvi. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, ambacho ndicho kinachotumika kwenye pampu nyingi za bei ya kawaida, kinavumilia majitaka ya nyumbani lakini hakiyawezi maji ya chumvi. Kinatobolewa vitundu vidogo kama vya sindano, hasa kwenye skrubu na maungio. Daraja la 316 lina madini ya molibdenamu na linastahimili zaidi, ila nalo si la milele. Ukitaka kujua kama shimoni kuna chumvi, azima kile kipimo kidogo cha TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) wanachotumia wauza maji ya kunywa. Maji ya bahari ni kama miligramu 35,000 kwa lita, na ya bomba kwa kawaida hayafiki 1,000. Mimi nilichota asubuhi ya bamvua nikapata zaidi ya 6,000.

Maji yalikuwa yanaingilia wapi? Pale bomba la jiko linapoingia ukutani, fundi alikuwa amejaza mchanga na sementi kavukavu, na kwenye kona ya chini plasta ilikuwa na ufa. Tuliziba kwa sementi ya kuzuia maji, tukapandisha mdomo wa shimo sentimita 20 juu ya ardhi ili maji ya mvua yasimiminike ndani. Kazi hii ifanye kipupwe, mwezi wa saba au wa nane, siku za maji mafu. Ukijaribu masika, maji yatakusukumia sementi nje kabla haijakamata.

Kuhusu kuingia shimoni, naomba niseme kwa uzito. Siku ile ya kuziba, msaidizi wa fundi alishuka mara tu mfuniko ulipofunguliwa. Shimo lenyewe halizidi mita 2. Alisema harufu ya mayai viza ni kali, dakika haikupita akasema sasa harufu imeisha, na papo hapo magoti yakamlegea. Kwa bahati alikuwa amefungwa kamba kiunoni, tukamvuta watu watatu. Alizinduka, namshukuru Mungu hadi leo. Ile gesi ya majitaka ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, na ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa. Harufu ikikatika ghafla ukiwa ndani, hapo ndipo hatari ilipo kubwa. Watu wengi hufa wawili wawili, wa pili akiwa ni yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza. Kwangu sasa hashuki mtu kufuata pampu. Pampu ina mnyororo, inavutwa kutoka juu. Ikibidi mtu ashuke kwa kazi ya ujenzi, shimo linaachwa wazi na kupulizwa hewa kwa feni muda mrefu, anafungwa kamba, na juu wanakaa wawili wasioondoka.

Baada ya kuziba, mistari daftarini ilishuka hadi mitatu au minne hata siku za bamvua. Pampu ya nne ninayo mwaka wa sita, na si kwamba ni ya ghali sana.

Matunzo yake ni haya. Kila baada ya miezi mitatu nazima breka, nachomoa plagi kabisa, navaa glavu ndefu, navuta mnyororo. Kitu cha kwanza kuangalia ni boya. Mafuta ya kupikia yanaganda juu yake, linakuwa zito, linanata ukutani. Likinata chini, shimo linafurika. Likinata juu, pampu inazunguka bila maji, na mota ya pampu ya kuzama inapozwa na maji yaleyale iliyokaa ndani yake, kwa hiyo hapo inajipika. Kisha nageuza pampu na kuchungulia impela, lile panga linalosukuma maji. Mara ya mwisho nilikuta nyuzi za usumba wa kusugulia sufuria zimejisokota kwenye shafti, zimebana kama uzi kwenye kibiringo, na juu yake machicha ya nazi yameshikana hadi yamekuwa bumba moja gumu. Nilizikata kwa wembe kidogokidogo. Zingeachwa, zingeingia kwenye sili, na sili ikipasuka maji yanaifikia mota. Tangu siku hiyo machicha yanakwenda kwa kuku, na sinki ina chujio. Pampasi, pedi na zile tishu za unyevu hazitupwi chooni, hata kama pakiti inasema zinayeyuka.

Mara moja kwa mwaka fundi anafungua ile skrubu ya chemba ya mafuta. Mafuta yakitoka safi, funga urudishe. Yakitoka meupe kama tui, sili imeanza kupitisha maji na una wiki chache za kuibadilisha. Sili ni bei ndogo, kuisuka mota upya ni karibu nusu ya pampu mpya. Siku hiyohiyo apime waya kwa mega, kile kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja. Ikisoma chini ya megaomu 1, isirudi majini. Apime na ampea pia. Yangu ya kilowati 0.75 huvuta ampea 5 na ushee ikiwa safi. Ikipanda kupita 6, najua kuna kitu kimenasa.

Fundi wako hajasema uongo kuhusu umeme. Volti zikishuka chini ya 200 jioni, mota inavuta ampea nyingi na kuchemka, kwa hiyo kifaa cha kulinda volti ni muhimu. Ila mwulize, waya wa pampu umeungwa wapi? Nilikuta wangu umeungwa ndani ya shimo na kuzungushiwa solotepu. Unyevu ulikuwa unapanda ndani ya waya kama mafuta kwenye utambi mpaka kwenye mota. Kiungio kikae juu, kwenye boksi lililofungwa, na laini iwe na breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Hii ni kwa ajili ya watoto wanaocheza karibu na chemba kuliko kwa ajili ya pampu.

Ukifika wakati wa kununua, usichukue pampu ya maji masafi kwa kuwa ina nguvu. Soma inapitisha uchafu wa ukubwa gani: kwa majitaka ya choo milimita 35 au zaidi. Na ile namba ya mita kwenye kibao, kama imeandikwa 8, maana yake kwenye mita 8 haitoi hata tone. Pima kimo kutoka chini ya shimo hadi karoni, ongeza mita 2 za msuguano wa bomba, kisha tafuta pampu ambayo namba yake ni karibu mara mbili ya hapo. Bomba liwe la inchi 2 mwanzo hadi mwisho, na nonriteni (vali ya njia moja) iwepo, la sivyo maji ya bombani yanarudi na pampu inawaka tena kwa maji yaleyale.

Jambo jingine nililoliona kwa jirani: aliita gari la kunyonya likamaliza karo lake la plastiki katikati ya masika, bamvua likiwa limejaa. Asubuhi karo lilikuwa limeelea, limeng'oa mabomba. Karo la lita 2,000 likiwa tupu, maji ya ardhini yanalisukuma juu kwa karibu tani 2. Nyonyesha kiangazi.

Kwa sasa, mkuu, kama pampu ya pili bado haijasukwa, azima hata ndogo uweke kwa muda. Chora alama ukutani mwa shimo, andika kila inapowaka, siku tatu za maji mafu na siku tatu za bamvua. Lete namba hapa pamoja na vipimo vya shimo, tufanye hesabu pamoja.