Jigi yenye kibati kwa krapi wa majira ya joto

Jigi zenye kibati, yaani ndoana zenye kichwa kizito na kibati kidogo cha chuma kinachozunguka majini, hunasa krapi (samaki wa maziwa na mito ya Marekani Kaskazini) vizuri hata Julai na Agosti, ila usizitupe karibu na ukingo kama msimu wa kuzaana. Maji ya juu yakishapata joto, krapi wa mabwawa ya kusini mwa Marekani hushuka kwenye matawi na visiki vilivyozama, mara nyingi futi 10 hadi 20. Bwawa likiwa na matabaka ya maji ya joto juu na ya baridi chini, chini zaidi oksijeni huwa haba, kwa hiyo usipoteze muda huko.

Chukua jigi ya wakia 1/8, yaani gramu 3.5 hivi. Ya 1/16 huchelewa kufika kina hicho, maana kibati nacho huipunguzia kasi ya kuzama. Tupa, hesabu sekunde inavyoshuka, kisha zungusha rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) polepole kabisa, kiasi cha kibati kuendelea kuzunguka. Ipitishe juu kidogo ya samaki, kamwe si chini yao: krapi hutazama juu na hupanda kufuata chambo. Mng'ao na mtikisiko wa kibati huwa kwake kama vidagaa anaowala. Maji yakiwa na tope, tumia kibati cha mviringo. Yakiwa maangavu, chembamba. Akinasa usivute kwa nguvu, ngozi ya mdomo wake ni nyembamba na huchanika upesi.

Mchana wa joto kali, akiwa hataki kukimbiza kitu, napendelea jigi tupu isiyo na kibati, ikining'inia wima juu ya matawi. Ukiweza, nenda alfajiri. Idadi na urefu wa samaki unaoruhusiwa hutofautiana kwa kila jimbo la Marekani, angalia kwanza.