Damu ikikatika kwenye mkojo, bado nenda hospitali

Nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Asubuhi moja mwaka 2017 nilikwenda kujisaidia nyuma ya stoo, mkojo ukatoka mwekundu kama juisi ya rozela. Haukuuma wala kuchoma. Kesho yake ulikuwa wa kawaida, nikaendelea na magunia yangu.

Baada ya miezi miwili damu ikarudi. Zahanati moja wakaniandikia dawa za UTI, nikameza, ikakatika, nikamshukuru Mungu. Ikarudi tena, nikapewa dawa zilezile. Karibu mwaka mzima ulipotea hivyo, kumbe nilikuwa na uvimbe wa saratani kwenye kibofu cha mkojo, na naujutia mpaka leo. Damu isiyouma ndiyo inayodanganya watu. Kina mama nao hudhani ni hedhi imevurugika, wanakaa kimya.

Mimi ni mtoto wa Kwimba, nimekulia kwenye majaruba ya mpunga. Kukojoa damu utotoni hatukuona ajabu, tulidhani ndiyo kubalehe. Kumbe kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotuama, vikatoboa ngozi, na mayai yake yakikaa miaka mingi kwenye ukuta wa kibofu yanaweza kuzaa saratani. Kwa hiyo niliamini ugonjwa wangu umetoka huko. Daktari alipopata majibu ya maabara akaniambia hapana, uvimbe wangu ni wa aina inayohusishwa zaidi na sigara. Nilikuwa navuta pakiti moja kwa siku. Niliacha wiki ileile.

Mara ya kwanza nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, wakaukwangua uvimbe kupitia njia ya mkojo, nikakaa na mpira wa kutolea mkojo siku mbili. Uvimbe ulikuwa wa juujuu, haujaingia kwenye misuli ya kibofu. Nikaambiwa una tabia ya kuota tena, hivyo nirudi kupigwa kamera, yaani kuangaliwa ndani ya kibofu, baada ya miezi 3.

Hapo ndipo wanaume wenzangu wengi wanapokimbia, kwa hiyo nieleze taratibu. Unalala chali. Nesi anakusafisha, anakusukumia jeli ya ganzi kwenye njia ya mkojo, mnasubiri dakika chache ikolee. Kamera yenyewe ni mrija mwembamba unaopinda. Inapopita kwenye tezi dume kuna kubanwa, na ukikaza mwili ndipo unapoumia. Mimi hufundishwa kupumua taratibu na kujaribu kama nakojoa, inateleza. Kisha wanajaza maji kibofuni, unabanwa na haja, basi. Dakika tano umemaliza, unavaa suruali.

Mwaka 2021 nilikuwa Uingereza kwa binti yangu, miadi ikaangukia hukohuko. Nililipia kamera mwenyewe, na kwenye skrini tukaviona viuvimbe viwili vidogo, vimeota kama nyasi laini za majini zinavyoyumba kwenye mkondo. Niliwaza kulazwa tena. Daktari akasema havihitaji kulazwa, tunavichoma kwa leza, yaani mwanga mkali unaounguza, ukiwa macho, kwa jeli ileile. Kwanza wakanyofoa kipande kidogo cha kupeleka maabara, maana leza huunguza uvimbe wote na hakibaki kitu cha kupima. Tukavalishwa miwani, mimi na wao. Waya mwembamba kama uzi wa nyavu ukapitishwa ndani ya kamera. Nilikuwa natazama: zile nyasi zikawa nyeupe, zikajikunja, zikasinyaa. Nilisikia kuchomwachomwa kidogo, kama sisimizi. Jioni nilikuwa mezani kwa binti yangu nakula ugali, bila mpira.

Leza ya namna hiyo haimfai kila mtu. Inafaa viuvimbe vidogo, visivyo vikali, hasa kwa aliyekwisha kutibiwa ugonjwa ukarudi. Inawafaa sana wazee ambao moyo wao hauvumilii nusu kaputi. Uvimbe mkubwa, au ulioingia kwenye misuli, una tiba nyingine. Kwa hiyo muulize daktari wako wazi: majibu ya maabara yanasemaje, umefika kina gani, na kama ni mdogo, wapi wanaweza kuuondoa bila kulazwa? Usione haya, mzee mwenzangu, mwili ni wako. Na mkojo upimwe kabla ya kamera, kama una maambukizi yatibiwe kwanza.

Ukitoka, kunywa maji mengi. Kuchomwa unapokojoa na mkojo wa pinki siku mbili tatu kusikutishe. Lakini ukipata homa, mabonge ya damu, au mkojo ukigoma kutoka, usisubiri kesho, rudi hospitali usiku huohuo.

Kamera yangu nyingine ni Machi. Mama watoto ameizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na nimeshamwambia kijana wangu wa stoo kwamba siku hiyo mzigo wa kutoka Ukerewe ataupokea yeye.