Theluji ya Lesotho: lipieni kitanda kwanza

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tuko Masasi, tunalima korosho, na mnada ukienda vizuri mwaka huu tunataka tukaone theluji, sio ile ya Kilimanjaro ya kupanda siku kibao, tunataka ya kuteleza na ski. Nimeona picha za sehemu inaitwa Afriski, Lesotho. Tulifikiria Desemba hela ikiwa bado mkononi. Kulala kukoje huko mlimani? Na tukilala mji wa chini tukawa tunapanda asubuhi si itakuwa nafuu? – Mama Wawili, Masasi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Desemba muitoe kabisa kichwani, Lesotho iko kusini huko na baridi yao ni Juni, Julai na Agosti, ukienda Desemba unakuta majani mabichi na watu wanaendesha baiskeli kwenye ule mteremko uliouona kwenye picha. Hata kwenye msimu wenyewe theluji ya mbinguni haitoshi kila mwaka, wana mitambo inarusha maji usiku kukiwa na baridi kali yanashuka yakiwa theluji, ndo maana mteremko wao mkubwa, wa kama kilomita 1, unakuwa mweupe hata milima ya pembeni ikiwa mikavu.

Sasa tatizo lenu nalijua, hela inaingia Novemba na theluji ni Juni, katikati hapo kuna ada za Januari, kuna misiba, kuna harusi, halafu Juni na Julai yenyewe ndo mko shambani mnapuliza salfa, dawa ya mikorosho. Ushauri wangu, malipo ya AMCOS, chama chenu cha ushirika, yakiingia tu lipieni chumba hapohapo, ila muulize kwanza masharti yao ya kurudisha hela mkiahirisha. Hela ikishakuwa kitanda haiombwi na ndugu. Na mtu wa kusimamia salfa mumtafute mapema.

Kulala mji wa chini nakukatalia. Mji wenyewe ni Butha-Buthe, na kutoka pale mpaka Afriski lazima upite Moteng, barabara ya kona kali inapanda mpaka mita 2,820, asubuhi inaweza kuwa na barafu juu ya lami, ikidondoka theluji nyingi inafungwa, mnabaki mnaangalia ukuta wa gesti na hela ya siku imeenda. Laleni hukohuko juu, hakuna mji pale, ni risoti tu na milima. Kuna vyumba vya bei ya chini vya vitanda vya deka na jiko la kushea, kuna vyumba vya kawaida, na kuna vijumba vya kujitegemea vya familia au kundi. Mkiuliza bei ulizeni na hita: ipo chumbani au sebuleni tu, inawaka usiku kucha? Usiku kule unashuka chini ya sifuri, hiyo baridi ya Newala ya mwezi wa saba mnayojifunikia mablanketi mawili haifiki hata nusu.

Mkijipikia, nunueni vitu Butha-Buthe kabla ya kupanda, na maharage makavu msibebe. Juu ya mita 3,000 maji yanachemka kwenye kama nyuzi 90 badala ya 100, utayachochea kutwa nzima na bado magumu. Mayai, nyama ya kukaanga, mchele wa kufunikwa vizuri na kuachwa muda mrefu zaidi, hivyo vinaenda.

Nguo msiende kununua za duka. Nendeni mitumba, makoti mazito wanayovaa bodaboda mengi yametengenezwa kwa ajili ya hukohuko kwenye theluji. Jinzi hapana, ikilowa inaganda mwilini. Ski, kofia ngumu na viatu mnakodi palepale. Hivyo viatu ni plastiki ngumu vinabana mpaka kwenye ugoko, kifundo hakikunjiki, utatembea kwa kutanguliza kisigino na siku ya kwanza utahisi vidogo, usikimbilie kubadilisha, vikilegea ndo unaumia. Lipieni na mwalimu.

Njia: Masasi mpaka Dar kwa basi, ndege mpaka Johannesburg, halafu gari hadi mpaka wa Caledonspoort wa kuingilia Lesotho. Afrika Kusini Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi, ya Lesotho mthibitishe kabla ya kulipa nauli. Kuendesha ni kushoto kama kwetu. Randi inapokelewa Lesotho, maloti, hela yao wenyewe, yamalizeni kabla ya kuvuka kurudi. Na mpangie kufika juu mchana, ile barabara sio ya usiku.

SWALI: Dada, shule ya mwanangu hapa Lindi wanapanga safari hiyohiyo ya theluji, mwanangu ana sikoseli lakini yuko vizuri mwaka wote huu. Nimruhusu? – Baba, Lindi

JIBU: Kaka yangu, hapana, usimruhusu mpaka daktari wake wa kliniki aseme mwenyewe. Baridi na hewa nyepesi ya juu vyote viwili vinaamsha maumivu ya sikoseli, na pale mlimani hospitali haipo karibu. Hata wenye kurithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu, ambao hawaugui kabisa wakiwa hapa Lindi usawa wa bahari, wapo waliopata shida ya bandama kwenye milima mirefu, kwa hiyo waambie walimu wazazi wote wapimishe watoto kabla hawajalipa.